Jina la Mwenye Tovuti

Wakili hakuwa wakili. Suti yenyewe ilikuwa ya shemeji yake. Jina lake halisi hakuwahi kuliandika popote tangu aingie kwenye ujanja, ndiyo maana polisi walikuwa wakisaka watu kibao, na wote ni yeye.

Siku hiyo yuko kwa kinyozi, kichwa nusu kimenyolewa, akaona wenzake wanatazama bure kwenye simu, kupitia tovuti moja, filamu ambayo hata kwenye majumba ya sinema haijafika. Akacheka peke yake. Mwenye tovuti hiyo lazima kuna mtu anamwogopa. Sasa kwa nini mtu huyo asiwe yeye?

Mchana alikuwa kwenye kampuni inayoihifadhi tovuti ile, amekunja nne mbele ya dada wa mapokezi.

"Nawakilisha watengeneza filamu wa ng'ambo. Nataka jina la mteja wenu, sasa hivi!"

"Karibu, kaka. Madai ya ng'ambo tunayapata kila siku. Bila amri ya mahakama ya hapa nyumbani, jina hatutoi. Tutamtumia mteja malalamiko yako na namba yako. Akitaka, atakupigia."

"Atapiga tu," Wakili akasema, meno yote nje.

Jioni simu ikalia. Mama mmoja, sauti inatetemeka.

"Nihurumie, baba! Pesa sina. Chukua tovuti yenyewe. Matangazo yake yananilipa kuliko duka langu la vitambaa."

Tamaa mbele, mauti nyuma. Kesho yake wakakutana ofisini kwa dada. Lakini malipo ya matangazo hayaingii kwa jina la kubuni. Kilitakiwa kitambulisho cha kweli. Wakili akautazama mlango. Akayafikiria matangazo. Masikini, akaliandika jina alilopewa na mama yake! Mama wa vitambaa akamwombea maisha marefu, akatoka mbio kama msichana.

Dada akagonga muhuri, kisha akavuta bahasha.

"Hongera, kaka. Wale wa ng'ambo wamepata amri ya mahakama, imefika sasa hivi. Wanataka jina la mwenye tovuti, aliyepo leo."

"Si yule mama?"

"Alikuwa yeye. Nilimwambia juzi kwamba amri iko njiani. Ndiyo kawaida yetu."

Wakili akanyoosha mkono kuichukua ile karatasi yenye jina lake.

"Usiogope," dada akasema kwa upole. "Jina la mteja hatulitoi kabla ya kumjulisha mwenyewe. Haya, nimeshakujulisha."