Tulivyoufukia Msingi wa Watu kwa Umoja

Jamani, leo uso wangu nimeuacha Ng'ambo, kwenye uwanja zinapojengwa nyumba za maendeleo.

Mnajua ukuu wa idara nimepewa juzi tu. (Cheti cha chuo kikuu kinasaidia. Akili ni shauri jengine.) Jumapili iliyopita watu wangu walikwenda kazi ya kujitolea kila mmoja na lake: huyu anachimba, yule anafukia, wengine wako kwenye kahawa. Mkurugenzi akaniita.

"Wakifanya hivi tena, kiti hicho nampa mwengine."

Basi leo asubuhi nikawapanga mstari. Kazi yetu ilikuwa kufukia mtaro wa bomba la maji. Nikahutubia. Lengo moja! Nia moja! Na maswali marufuku, maana ndiyo yanayotupotezea wakati. Nikatangulia, chepe begani, nikasimama kwenye mtaro wa kwanza niliouona, nikatupa udongo.

Wallahi, kazi ile! Machepe yanapanda na kushuka pamoja, nyimbo juu. Hata Mzee Haji, tarishi wetu, ambaye mgongo humuuma kila Jumapili, leo kapona. Kabla ya adhuhuri mtaro haupo. Nikajiona amiri jeshi.

Ndipo wakarudi wauguzi wa hospitali, nao walikuja kujitolea, walikuwa wamekwenda kunywa chai. Wakasimama. Wakatazama huku na huku.

"Nyie," akauliza Bi Zuhura, mkubwa wao, "msingi wetu uko wapi?"

"Msingi gani, Bi Zuhura?"

"Tuliouchimba tangu alfajiri!"

Mtaro wa bomba ulikuwa upande wa pili. (Bado upo. Wazi. Mzima kabisa.)

Nikamgeukia karani wangu, Salma. "Kwani wewe hukuuona ule wa bomba?"

"Nliuona, Mkuu. Si umesema maswali marufuku?"

Tukaanza kufukua, tena kwa umoja ule ule. Wauguzi wamekaa juu ya matofali, wanakula vitumbua na kunipigia vigelegele. "Kaza, bwana harusi!"

Mkurugenzi akafika, akaelezwa. Alicheka mpaka akakalia karai la zege.

"Kiti baki nacho," akasema, anafuta machozi. "Watu wanaokufuata hivi hata ukipotea, sijapata kuwaona. Kesho njoo uwafundishe wakuu wenzio siri yako."

Basi kesho asubuhi nasimama mbele yao. Atakayecheka na atoke nje. Mimi nitamfuata.