Benchi la Ghorofa ya Sita

Jumatatu, 3 Juni

Nimepata akili! Nyumba moja ya ghorofa ya chini imebaki wazi. Lazima iwe yetu. Tangu mtaa wetu wa zamani ubomolewe tukaletwa huku juu, ghorofa ya sita, Mama hajacheka. Kule alikaa mlangoni kwenye benchi lake, na kila apitaye alisimama kutoa habari. Huku anaangalia ukuta. Benchi lenyewe liko nyuma ya kochi, najikwaa kila nikipita. Roho inaniuma.

Alhamisi afisa wa makazi anakuja kutuuliza tuliohamishwa tunaendeleaje. Anayeteseka zaidi ndiye atakayeshushwa chini. Kinyozi wa ghorofa ya tano naye anaitaka. Ameanza kuchechemea! Jana tu alikuwa anaruka ngazi mbili mbili.

Jumanne, 4 Juni

Mazoezi ya mateso. Nimemfundisha Mama kushika kifua na kukohoa. Akasema haumwi, amekosa watu tu. Nikamweleza kwamba afisa hawezi kuona watu ambao hawapo, ila kikohozi atakisikia. Akakohoa mara moja, kwa adabu, kama mtu anayebisha hodi. Kazi ipo.

Jumatano, 5 Juni

Kinyozi ana mkongojo! Nimemkuta kwenye lifti, akalalamika kwamba ngazi zitamuua. Ngazi zipi, na yumo ndani ya lifti? Mnafiki mkubwa. Ila kanipa wazo. Lifti ikigoma, afisa atapanda kwa miguu, atafika kwetu hoi, na huruma itamjia yenyewe.

Alhamisi, 6 Juni

Asubuhi nimekokota benchi la Mama nikalikwamisha kwenye mlango wa lifti hapa ghorofani kwetu. Lifti kimya. Mambo safi!

Kumbe jengo zima nalo likapanda kwa miguu. Fundi bomba, jirani yetu wa zamani, akalichomoa benchi, akaliweka kando ya ngazi. Lifti ikabaki imegoma. Mshona nguo wa ghorofa ya tisa akaketi kupumua. Akaja muuza mkaa na mkewe. Wote wa mtaa wetu! Mama akasikia sauti, akatoka na birika la chai.

Afisa alipofika, jasho linamtiririka, Mama amekaa katikati yao anacheka hadi machozi. Anamtania muuza mkaa kwamba siku hizi ametakata hata hatambuliki. Nikamkonyeza. Wapi! Nikamkanyaga mguu. Akaniuliza mbele ya afisa kwa nini namkanyaga. Afisa akasema hajaona mtu aliyezoea makazi mapya kama Mama. Nimeumbuka.

Jumamosi, 8 Juni

Nyumba kapewa kinyozi. Amehama na godoro kichwani, mbio mbio, mkongojo kausahau kwenye lifti. Maana lifti imeshapona.

Nikataka kurudisha benchi ndani. Mama akakataa katakata. Akasema hapo ndipo mlangoni kwake sasa, na kuhama hahami. Leo mshona nguo kashuka kwa makusudi, fundi bomba kapanda kwa makusudi, nami nimelazimika kuomba njia ili niingie kwangu! Kicheko kimesikika mpaka jikoni.

Sikati tamaa. Nasikia kuna nyumba itaachwa wazi ghorofa ya kwanza. Mkongojo ninao. Na kosa langu nimeshalijua: ni kile kicheko. Kesho Mama akilala mchana, nalificha lile benchi.