Kuhusu Kukatwa kwa Patron

Kabondo, Kisangani, 11 Novemba 1966

Mheshimiwa Mama Mkurugenzi wa Shule ya Ushonaji,

Kwa heshima zote, naomba umrudishe Mwalimu Désiré darasani na umwondoe huyu Madame Germaine aliyechukua nafasi yake. La sivyo, Jumatatu namtoa binti yangu Kadidja. Sababu ni hizi:

1. Mwalimu Désiré alifundisha ushonaji kwa adabu: yeye anasoma, wasichana wanaandika. Kadidja alijua kutaja vyuma vyote vya cherehani bila kugusa hata kimoja, na wageni wangu walimpigia makofi. Vyerehani saba tulivyovificha chini ya magunia ya mihogo wakati wa maasi vilibaki vipya kabisa. Sasa Madame amevifunua, na vinatumiwa, tena na wanafunzi!

2. Anawauliza wasichana wanapenda kushona nini. Tangu lini mwanafunzi akapenda? Kadidja kapenda mashati ya kiume, na mwanamume nyumbani ni mimi peke yangu. Nimepimwa nikila, nimepimwa nikilala.

3. Shule ilipofungwa kwa sikukuu, Kadidja alilia akitaka kurudi darasani.

4. Hili ndilo lililonikimbiza. Mimi nina duka, na mtaa mzima huniita patron, yaani bosi. Mapatron waliochinjwa wakati wa maasi sote tunawajua. Wiki jana mtoto ananiambia mezani, tena anacheka: "Papa, kesho tunakata patron! Madame anasema tusiogope, tuanzie ku shingo." Sahani yangu ya pondu sikuimaliza. Nilivuka mto, nikapanda treni mpaka Ubundu, nikajificha siku tatu, hadi mpwa wangu aitwaye Waziri aliponifuata kunieleza kwamba patron wa washonaji ni karatasi ya kukatia kitambaa. Mwalimu Désiré angewaandikisha maana ya neno hilo mwaka mzima, na hakuna patron ambaye angekatwa.

Nangoja jibu lako. Wasalimie walimu wote, wapishi, na Madame Germaine, yeye kwa mbali.

Wako mtiifu,
Nassoro, mwenye duka

N.B. Mama, nimemaliza kuandika, na Kadidja ameingia kutoka shuleni akiimba. Hajaimba tangu vita vilipomchukua mama yake. Nimesimama nyuma ya mlango nikalia. Barua nimeshaipiga muhuri wa duka, kuichana siwezi, kwa hiyo nakuomba usiisome. Madame Germaine asiondoke. Jumatatu Kadidja atakuja, kabla ya kengele.