Meza Inayorefuka

Jumatatu, 3 Machi
Mkutubi kabandika tangazo mlangoni: Jumamosi kutakuwa na filamu ya kindoto, kisha mjadala. Hatimaye! Miaka miwili naazima vitabu nisivyosoma, ili tu mkutubi huyu mjane anigongee muhuri. Sasa atanisikia nikizungumza. Mpango: nijue maana ya kila ishara kabla ya mwalimu wa hesabu. Mstaafu huyo naye huazima vitabu. Inasemekana huvisoma.

Jumatano, 5 Machi
Nimepata kitabu cha ishara. Kioo ni nafsi. Ngazi ni tamaa. Meza ni kifo. Nimefunga karakana mapema, saa za watu zingoje, nikariri. Dada yangu, anayenipikia na kunivumilia, kauliza kwa nini nisimwambie tu yule mama kwamba nampenda. Nikamweleza kuwa mambo haya yanataka maandalizi. Akauliza miaka miwili ilikuwa ya nini. Nilikuwa kwenye herufi M.

Jumamosi, 8 Machi
Watu tisa. Nilikaa nyuma ya mkutubi. Filamu: mwanamume na mwanamke wameketi kula. Kila mara mwanamume akinyoosha mkono amshike, meza inarefuka. Inatoka nje ya nyumba, inavuka barabara. Mwishoni mwanamke ni nukta tu, na bado ameshika kijiko. Nikapangusa miwani mara mbili. Vumbi, nadhani.

Taa zikawashwa. Nikasimama wa kwanza! Meza ni kifo, nikasema. Mkutubi akageuka, akasema kwa upole, "Mimi niliona mtu anayeshindwa kusema anachotaka."

Nikamwonyesha alivyokosea. Dakika ishirini, kurasa nikizitaja. Mwalimu alisema tu kwamba alimhurumia yule mwanamke kwa kungoja. Jibu la kitoto. Kisha akamsaidia mkutubi kupanga viti. Wakatoka pamoja.

Jumanne, 11 Machi
Mkutubi kaja karakanani na saa ya marehemu mumewe. Nikaifungua. Haikuwa na kasoro, ilitaka kutiwa ufunguo tu. Nikamwambia. Akasema anajua. Akakaa kwenye kiti cha wateja, mikono mapajani.

"Siku ile," akaniuliza, "ulitaka kusema nini hasa?"

Bisibisi ikaniponyoka. Maneno yalikuwa pale pale mdomoni. Nikamwambia kijiko ni utoto.

Kisha akaivaa saa, akasema mwalimu amemwalika chakula Jumapili, naye bado hajamjibu. Nikamshauri aende. Lazima mtu ale.

Jumatatu, 17 Machi
Alienda. Dada yangu kawaona wakirudi, mwalimu kambebea mkoba, mkutubi anacheka. Aliniambia hayo akiwa amenipa mgongo, kisha akanimiminia chai.

Sikulala. Nimetafakari kwa makini, na kosa langu nimelijua: sikueleza vya kutosha. Pazia la kwenye ile filamu sikuligusia kabisa! Nitampelekea maelezo kwa maandishi. Nimeanza. Nimefika ukurasa wa kumi na nne, na bado sijagusa vikombe.