Baiti za Baba Naipei

Jumatatu, 3 Machi 2025

Leo nimeangukiwa na nyota ya jaha! Mama Naipei wa Nangara kaniletea dukani simu ya marehemu mumewe niifufue. Imeingia maji, kioo kimekufa. Anasema siku mzee anapelekwa hospitali waligombana. Mzee alitaka waende wote. Yeye akabaki, ng'ombe alikuwa karibu kuzaa. Mzee akaondoka bila kuaga, na hakurudi. Nesi alimweleza mama kwamba jioni ile mgonjwa aliandika ujumbe, mtandao ukagoma. Mama anataka kujua jambo moja tu: alikufa amemkasirikia?

Nikamwambia kesho atausoma. Kwa nini kesho? Kwa sababu Vailet, mwenye duka la kompyuta linalotazamana na langu, alikuwa kasimama mlangoni kwake, masikio wazi. Mama Naipei ni mwenyekiti wa kwaya ya akina mama. Akiridhika, kwaya nzima itahamia kwangu, Vailet abaki anapiga miayo.

Jumanne, 4 Machi

Faili la ule ujumbe nimelitoa kwenye simu. Fundi Mathayo ni mmoja tu Babati hii! Nikalifungua kwa programu niliyoandika mwenyewe. Ikatoka: 77, 97, 109, 97, 32... Baiti tupu, yaani namba za kompyuta, kioo kizima. Mzee wa watu hakuwa anafanya hesabu hospitalini. Nikaiamuru kompyuta igeuze yote kuwa maandishi. Ikatii. Ikaniandikia namba zile zile, sasa zimefungwa ndani ya alama za kunukuu. Nikaitukana.

Mama akafika. Nikasingizia umeme mdogo. Akasema haya mwanangu, akakaa kwenye benchi akiziangalia zile namba. Akauliza kama mumewe yumo humo. Nikasema yumo. Angalau hilo halikuwa uongo.

Jumatano, 5 Machi

Nimepata akili! Mgonjwa mahututi anamwandikia mkewe nini? Mapenzi. Mimi ndiye mchapaji wa kadi za harusi, maneno hayo ninayo tele. Nikatunga: mpenzi wangu, ua la moyo wangu, nimekusamehe yote. Nikachapa kwa rangi, na waridi pembeni.

Mama akasoma polepole. Akaanza kucheka, akajiziba mdomo kwa shuka. Akasema tangu mzee amwoe hakuwahi kumwita ua, labda ni zile dawa. Kisha akaigeuza karatasi, akatafuta nyuma. Akauliza, ng'ombe hakuwaulizia? Nikasema hakuwaulizia.

Kicheko kikaisha. Akasema kwao salamu ni watoto na mifugo. Mtu asiyeulizia ng'ombe wako amekwisha kukukata. Basi alikasirika kweli, akasema, akaikunja karatasi yangu akaondoka nayo. Chai imenishinda leo. Chapati pia, jambo ambalo halijawahi kutokea.

Ijumaa, 7 Machi

Nimemeza kiburi, nikavuka barabara. Nikamweleza Vailet kwamba kuna rafiki yangu amekwama. Akauliza kama huyo rafiki naye anavaa shati langu. Nikavumilia. Akasema kompyuta haijui herufi, inatunza namba, kila herufi na namba yake. Hiyo 77 ni M kubwa. Mimi niliiambia izinakili namba. Nilitakiwa kuiambia izisimbue, yaani izirudishe kuwa herufi, na nitaje ni kwa jedwali lipi la herufi. Kumbe! Hata yeye, akasema, kosa hilo lilimtoa machozi chuoni.

Nikarudi, nikaandika mstari mmoja. Maneno yakajitokeza:

«Mama Naipei. Yule mweusi wa paji jeupe amezaa? Usimwache peke yake. Mimi huku nina manesi.»

Siku zote hizi mzee alikuwa hapo mbele yangu, anaongea, nami namtukana. Nikauchapa, nikafunga duka, nikapanda bajaji hadi Nangara.

Nikamwambia mama ule ujumbe wa kwanza ulikuwa wa mtu mwingine, kompyuta ilichanganya. Akausoma huu wa kweli amesimama zizini. Hakucheka. Akaketi chini pale pale kwenye samadi, akalia, akawa anarudia kwamba kumbe mzee alimwelewa, kumbe alimwelewa. Ndama mweusi alikuwa ananyonya nyuma yake. Nami nililia. Nasema kwa sababu shajara hii haisomwi na mtu.

Jumamosi, 8 Machi

Kwaya imehamia kwangu! Vailet anapiga miayo, nimemwona kwa macho yangu.

Mama Hilaria wa Nakwa kaleta simu ya marehemu mama yake. Iliungua kwenye moto wa jikoni, imebaki donge, naye anataka maneno yake ya mwisho. Vailet alishamwambia ukweli kwamba humo hakuna baiti hata moja ya kusimbua. Ukatili gani huo? Mimi nimemwambia aje Jumatatu.

Nasikia marehemu mwenyewe alikuwa akiuza samaki wa ziwani, maisha yake yote hakufuga hata kuku. Haidhuru. Nimeshaanza kuuandika ujumbe wake, na safari hii sikosei: nimeanza na ng'ombe.