Chai ya Mchicha

Jumatatu, 3 Machi
Mchicha wangu umenyauka tena. Wa Bi Mchicha, jirani yangu wa mlango wa pili, una majani kama sahani. Sote tunapanda juu ya paa moja, jua ni lile lile. Anaupa nini? Mwenye nyumba ametangaza kwamba ataweka matangi ya maji huko juu, na nafasi itabaki ya bustani moja tu. Atakagua Jumatatu ijayo. Atakayeshindwa ashushe makopo yake ya mchicha. Jamani! Yangu niliyapandisha kwa mgongo huu huu.

Jumanne, 4 Machi
Siri nimeipata! Nimetega sikio ukutani, nikamsikia akimwambia dada yake kwenye simu kwamba mchicha anaunywesha chai. Chai! Mboji iliyoiva, maji, sukari guru kidogo, kisha lazima ichemke kutwa nzima. Akaendelea kusema kitu, ila mke wangu akawasha blenda. Haidhuru. La muhimu nimeshalisikia.

Jumatano, 5 Machi
Nimechemsha. Sufuria ya wageni, moto mkali, tangu asubuhi. Mke wangu amerudi kazini akauliza nani amefia jikoni. Nikamjibu ni utafiti. Akasema utafiti na mtafiti wake watalala sebuleni.
Jambo moja linanikera: ile minyoo iliyokuwa kwenye mboji imekwenda wapi? Nimechungulia kwa miwani ya mama mkwe. Hakuna anayetikisika.

Ijumaa, 7 Machi
Jana nilimwagilia. Leo mchicha umelala chali. Labda unapumzika?

Jumamosi, 8 Machi
Aibu! Bi Mchicha amenikuta ngazini na ndoo, akanusa, akauliza nimepika nini. Nikababaika, nikasema yote. Akacheka mpaka akakaa chini. Kumbe huko kuchemka ni kutoa mapovu tu! Ana pampu ndogo ya tangi la samaki, inapuliza hewa ndani ya ndoo, maana mle mna vijidudu hai, na ndivyo vinavyoisaidia mizizi. Moto unaviua. Akasema kwangu chai haikuchemka, aliyechemka ni mimi.
Imeniuma. Lakini vijidudu vinapumua? Kweli? Nikamwomba nione. Mapovu yanapanda, yanapasuka, yanapanda mengine, na harufu ni ya udongo uliopigwa na mvua. Nimechuchumaa pale mpaka miguu ikafa ganzi. Akasema ningemuuliza tu, angenieleza tangu mwanzo. Amenipa chupa moja ya plastiki ya chai hiyo na kunisisitiza niumwagilie mchicha leo leo, nisikaze kifuniko, vitakosa hewa.

Jumapili, 9 Machi
Nimewaza sana. Mtu ampe mpinzani wake dawa hivi hivi? Eti leo leo! Eti nisikaze! Anataka nguvu yote ipotee hewani. Mimi si mtoto. Nimeongeza sukari guru, nimekaza kifuniko kwa koleo, nimeianika juani.

Jumatatu, 10 Machi
Chupa imevimba! Tumbo mbele, kitako hakikai tena chini. Nikiigusa inalia. Nani angedhani mna nguvu kiasi hiki? Bi Mchicha ameiona, akanisihi niiache palepale na nisogee mbali. Wivu huo. Mke wangu amejifungia chumbani, hapendi sayansi.
Mwenye nyumba anapanda ngazi, shati jeupe, miwani mipya. Namfungulia chupa karibu kabisa na uso, aone mwenyewe.