Malalamiko Dhidi ya Muuza Ala Asiyetaka Kununua Tarumbeta Yangu

Ndugu Afisa Biashara,

Pole na kazi. Mimi ni muuguzi mstaafu, mjane, na si desturi yangu kumchongea mtu. Lakini mwenye duka la ala za muziki mtaani kwetu amenifikisha pabaya. Naomba umfutie leseni kwa sababu hizi:

1. Hataki kununua. Nilimpelekea tarumbeta ya marehemu mume wangu. Miaka mitatu ilikaa juu ya kabati ikinitazama, nikataka iniondokee. Akasema yeye hanunui tarumbeta ambayo hajaisikia, basi niipulize. Nikamweleza kwamba nina miaka sitini na minne na shinikizo la damu. Akanivutia kigoda. Huu ni mwezi wa saba najifunza kupuliza ili niuze!

2. Kuuza pia hataki. Muuza nyama alifuata gita jipya, akaambiwa lake la zamani linataka kukazwa nyuzi tu, tena bure. Akakaa kulipiga mpaka saa sita, nyama yake ikilindwa na nzi. Askari wa barabarani naye yuko kwenye ngoma na sare zake, magari yanajiongoza yenyewe. Jamani, hilo nalo ni duka?

3. Anaingilia ugomvi wa watu. Mimi na wifi yangu tulinuniana tangu msibani, kwa kuwa alidai tarumbeta ni ya ukoo wao. Ulikuwa ugomvi mzuri, umetulia, haumsumbui mtu. Huyu bwana akamwita, akatukalisha benchi moja, akasema tupokezane tarumbeta. Sasa wifi yuko kwangu kila jioni, anamaliza sukari. Nani alimtuma?

4. Hili ndilo lililonikata maini. Jumanne, ule wimbo aliokuwa akiupuliza marehemu akitoka kazini ulinitoka wote, bila kukosea. Nikalia mbele ya muuza nyama, mimi niliyezika bila kudondosha chozi! Mwenye duka akanipa kitambaa cha kufutia magita, kinanuka mafuta. Duka lina leseni lakini halina hata leso safi.

Kwa hiyo pale pafunguliwe duka la makava ya simu, ambamo mtu huingia, hununua na kutoka bila kuulizwa habari za nyumbani. Nimechoka kujulikana.

Nisalimie wote ofisini, hata yule karani wa dirisha la pili anayeniambia kila siku nirudi kesho.

Ni mimi niliyeonewa,
Muuguzi Mstaafu, ghorofa ya juu, mlango wa kijani

Tanbihi: Nilikwisha kuifunga bahasha, nimeifungua tena. Asubuhi hii amekubali kuinunua, tena kwa bei yangu. Nimemwambia hana adabu, mume wa mtu hauzwi. Barua hii ichane. Na ukithubutu kulifunga duka lile, tutakuja mimi na wifi kupuliza chini ya dirisha lako, na wifi bado hajui kupuliza.